Jenereta ya Kuwasha Kila Kitu

Jumatatu, 3 Agosti
Mke wangu amekubali! Ijumaa tunaondoka na basi dogo nililoligeuza nyumba: kitanda, friji, feni, jiko. Tangu watoto wahame tumebaki kusalimiana tu, kama wapangaji wa nyumba moja. Ana sharti moja: huko tukae pamoja, tuongee. Nimeahidi. Kilichobaki ni umeme.

Shemeji, kaka yake, naye anakuja na gari lake. Ana kajenereta ka kubeba kwa mkono mmoja. Eti hakana kelele. Sasa utajuaje kama kanafanya kazi?

Jumanne, 4 Agosti
Dukani. Muuzaji aliuliza nataka kuwasha nini. Nikasema kila kitu. Akasema kwa friji, feni na taa, ndogo inatosha. Akanionyesha kama ya shemeji. Ileile! Nikachukua kubwa kuliko zote. Boksi limeandikwa ni ya kubebeka. Kweli, wanaume wanne waliibeba.

Jumatano, 5 Agosti
Haiingii. Nimetoa friji. Imeingia, lakini mlango haufungiki. Nimetoa jiko.

Alhamisi, 6 Agosti
Nimekata kitanda nusu. Mke wangu alisimama mlangoni, akauliza yeye atalala wapi. Nikamwambia tutabanana. Akasema basi, atalala kwenye gari la kaka yake. Iliniuma sana. Nikakaa juu ya jenereta, nikatafakari. Nimeamua feni nayo itoke.

Jumamosi, 8 Agosti
Tulifika kambini jana. Ndani ya gari haiwashwi, moshi wake unaua, kwa hiyo ilibidi kambi nzima ije kuishusha. Shemeji alishika upande mzito, akanipa pole. Afadhali angenicheka!

Nikawasha. Mngurumo huo! Ndege wote wakahama. Ikawaka taa moja, maana ndicho kitu pekee kilichobaki. Mke wangu akaleta kiti, akakaa karibu, akasema jambo. Sikusikia. Akarudia. Nikampungia mkono. Akainuka, akaizima mwenyewe.

Tukakaa gizani. Akaniambia anaogopa tutazeeka kila mtu na chumba chake. Nikamwambia hata mimi naogopa, ila nilikuwa sijui pa kuanzia. Tukaongea mpaka sauti zikakauka. Hakwenda kwa kaka yake. Tulilala kwenye kile kipande cha godoro, miguu ikining'inia nje. Nina furaha ambayo sikuwa nayo tangu mtoto wa mwisho aondoke.

Jumatatu, 10 Agosti
Tumerudi. Mke wangu anauliza tutakwenda tena lini! Njia nzima nilikuwa nawaza, na sasa kosa langu nimeliona. Nimepita dukani. Wanayo kubwa zaidi, inavutwa nyuma kwa tela yake. Kitanda kitabaki kizima.

Nimemnunulia na mke wangu kipaza sauti cha mkono. Safari hii nataka nimsikie vizuri.