Malalamiko Kuhusu Rangi ya Malaika Gabrieli

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam
26 Novemba 1994

Padre Isidori mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mimi ni Skolastika Onesphory wa darasa la sita, yule anayesoma somo la kwanza kwenye Misa ya watoto. Nyumbani wote hawajambo, ila mimi sijatulia, na sababu ni igizo la Krismasi.

1. Huu ni mwaka wa tatu Katekista Eliasi ananipa nafasi ya Usiku. Usiku hausemi kitu. Najifunika shuka jeusi, nasimama nyuma ya wachungaji mpaka nyota ipite. Safari hii niliomba kuwa Malaika Gabrieli, kwa sababu maneno yake yote nimeyakariri. Alinijibu kwa upole, "Mwanangu, malaika ni mweupe. Angalia hata kwenye picha."

2. Jumamosi iliyopita jirani yangu Vidhi alinifuata mazoezini kunirudishia mkebe wa hesabu. Kabla hajakaa, Katekista akapiga makofi, "Huyu hapa Gabrieli wetu!" Vidhi akasema, "Mwalimu, mimi ni Mhindu." Akajibiwa, "Haidhuru, Gabrieli haulizwi dini." Maneno ilibidi nimfundishe mimi, nikiwa ndani ya shuka. Simlaumu.

3. Nilimwuliza Katekista mpaka wa weupe ni upi. Akanyanyua bahasha ya kaki. Anayeizidi kwa weupe ni malaika, anayelingana nayo ni mchungaji wa kondoo, na aliyebaki ni Usiku au punda. Basi Jumapili nilikuja na bahasha yangu, nikaiinua kidogo kuwapima wakati wa mahubiri. Padre, samahani sana, wewe ni Usiku. Katekista naye ni Usiku, tena wa manane. Kama kipimo ni sahihi, siku ya Krismasi itabidi usimame nyuma kimya na Misa isomwe na Vidhi. Yeye hajui kusoma Misa, na mama yake hapendi achelewe chakula.

4. Mtoto Yesu mwaka huu ni mwanasesere wa plastiki mwenye nywele za njano, maana siku hizi Kariakoo imejaa vitu vya nje. Nilimwona Yusufu wetu wa igizo anamtazama mara mbili.

Padre, ulituhubiria kwamba Mungu ametuumba wote kwa mfano wake. Naomba uyarudie hayo Jumanne saa kumi jioni, wakati wa mazoezi, Katekista akiwepo. Kisha nisikilizwe mara moja tu. Sauti yangu inafika mpaka mlangoni.

Wasalimie masista, wanakwaya wote na mlinzi wa getini.

Ni mimi mtoto wako katika Kristo,
Skolastika Onesphory

Tanbihi: Nilipokuwa natafuta gundi ya bahasha, Vidhi alikuja. Yuko radhi tubadilishane, mimi niwe Gabrieli, yeye awe Usiku. Nilifurahi, nikamvika shuka, nikamtazama vizuri. Ikabidi nimwambie ukweli, "Shoga, hufai. Nani ataamini Usiku mweupe hivi?" Kwa hiyo atafutwe mwingine. Mdogo wangu Koleta atafaa, yeye ni mweusi kuliko mimi.