Mwenyekiti Mtarajiwa wa Bombani

Jumatatu, 8 Novemba 2004

Uandikishaji wa wapiga kura umeanza leo. Nimekuwa wa kwanza! Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni pa ofisi ya kitongoji. Suti ya kijivu, tai, viatu vinang'aa. Ukungu ulikuwa mzito hata kuku wa jirani walinipita bila kuniona, lakini nilikuwepo. Mwalimu Sebastian, karani wa uandikishaji, amefika saa mbili. Ameniuliza jina kama vile hanijui! Nikamwambia aandike kwa herufi kubwa: Eliamani, mfanyabiashara wa vinyago, mtaalamu wa mila za Wamaasai, mgombea uenyekiti wa kitongoji cha Bombani. Ameandika Eliamani, miaka arobaini na sita. Basi.

Mpinzani ni mmoja tu: Bertha, Mama Piusi, muuza maharage, mzaliwa wa Endamarariek. Vyama vyetu sivitaji humu, daftari linaweza kuanguka mikononi mwa mtu. Sera yake nayo ni moja: kibanda changu kiondoke. Eti kimeziba njia ya bombani na ya birika la mifugo. Uongo! Kilichoingia njiani ni baraza tu. Na nguzo nne. Na bango. Nilijenga pale kwa akili, ili kila anayekwenda kuchota maji avione vinyago kwanza. Ni kweli hakuna mchota maji aliyewahi kununua twiga. Watazamaji lakini ninao.

Nikishindwa, kibanda kinang'olewa. Nikishinda, kinabaki, na muhuri wa kitongoji nakaa nao mfukoni. Nimeshaushonea mfuko.

Jumatano, 10 Novemba

Nimepata mkakati. Ni mkubwa, na umetoka kichwani mwangu mwenyewe.

Hapa Bombani kuna vijana wa Kimaasai thelathini na wanne, walinzi wa maduka na magesti. Wamepanga vyumba humuhumu. Hakuna mgombea aliyewahi kuwafikiria! Mimi nawajua. Miaka kumi na miwili nawauzia wazungu shuka na shanga, na kila mzungu nampa somo la mila bure: rika, ng'ombe, jando, jinsi morani asivyokula nyama iliyoonwa na mwanamke. Wazungu hufungua midomo. Mmoja aliandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Nimemwita Lemayian, mlinzi wangu, kijana wa Piyaya, morani hasa. Nimemwomba awalete wenzake wajiandikishe. Akasema watakuja. Nikamuuliza watampa nani kura. Akasema hilo watakaa, wataongea, na watakalokubaliana litakuwa moja, kwa sababu wao ni rika moja na hawagawanyiki. Nilitaka kumkumbatia! Kura thelathini na nne katika fungu moja!

Nimewaongoza mwenyewe mpaka ofisini, shuka nyekundu zote kwenye mstari, mimi mbele na tai. Gari la watalii lililokuwa linakwenda kreta kutazama wanyama limesimama, wametupiga picha. Nimesimama vizuri. Mwalimu Sebastian amelalamika kwamba daftari limebaki kurasa mbili. Nikamwambia hivyo ndivyo uongozi unavyoonekana.

Jumapili, 14 Novemba

Ibada. Bertha amekaa benchi la mbele, kitenge kipya. Sikusikia mahubiri, nilikuwa napanga pingamizi.

Orodha ya wapiga kura imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kitongoji, na sheria inaruhusu kumpinga asiye mkazi. Haya! Kila wiki Bertha anakwenda shambani kwake Endamarariek na kulala huko siku mbili. Mkazi gani huyo? Baada ya ibada nimeandika barua kurasa tatu. Nimemwomba mke wangu Veronika asaini kama shahidi. Amesema yeye ana ndoo mbili za kujaza na hana mkono wa kusainia.

Nimempelekea Mwalimu Sebastian nyumbani kwake. Amesoma zote tatu, polepole, kama anasahihisha. Kisha akaniuliza ni nani kila Desemba hufunga kibanda na kwenda kwao Machame mpaka katikati ya Januari. Akauliza na hiyo ni siku ngapi. Nimechukua barua yangu. Nimeondoka kwa heshima zote, na mbwa wake hakubweka.

Jioni Bertha amenipita pale kibandani na ndoo kichwani, akazunguka nguzo zangu moja moja, akanisalimia. Ananiogopa.

Jumamosi, 20 Novemba

Siku ya takrima. Nasisitiza: siyo rushwa, ni takrima, ukarimu wetu wa Kiafrika, na sheria yenyewe imeutambua. Mbuzi wawili! Nimewaalika walinzi wote thelathini na wanne. Veronika na akina mama wa kwaya wameamka saa kumi na moja alfajiri. Wamekata, wamekaanga, wamepika pilau. Harufu ilifika mpaka stendi.

Vijana wamekuja kwa wakati, wote, safi, wakakaa kwenye kivuli cha baraza. Akina mama wakaleta sinia. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikadhani wanasubiri hotuba, nikatoa hotuba. Bado. Nikatoa ya pili, yenye maendeleo. Bado! Pilau ikaanza kupoa.

Lemayian akanisogelea, akaongea chini chini kwa adabu, akasema, "Mzee, hii nyama akina mama wameiona." Nikamwambia ndiyo, wameiona, wangeipikaje bila kuiona? Akaniangalia. Nikamwangalia. Barabarani palikuwa na mzungu mmoja niliyempa somo juzi. Akamtuma dereva wake aniulize kama hawa si ndio wale mashujaa wasiokula nyama iliyoonwa na wanawake. Alikuwa amekumbuka kila neno! Kwa dakika nzima nilijivunia kazi yangu.

Halafu nikaelewa.

Veronika ameniuliza kwa nini sikumwambia mapema, angeacha vijana wakachome wenyewe huko korongoni. Nimemjibu ukweli: hizi mila nimezoea kuzisema kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili hazinijii. Amekaa chini na kwaya yake, wamekula mbuzi wote wawili. Vijana wamekunywa soda, wameshukuru, wameondoka na njaa.

Lakini nani alisema ni hasara? Kwaya ina wanawake ishirini na sita, wote wamejiandikisha. Wameshiba kwa mkono wangu. Mkakati umehama tu.

Nasikia baada ya kula walikwenda moja kwa moja kwenye mkutano wa Bertha. Yeye hakupika kitu. Alikuwa na kamba. Amepima nayo hatua kutoka nyumba za juu hadi bombani: kupita njia ya zamani, themanini na mbili, kuzunguka kibanda changu, mia tatu na kumi na saba. Hiyo ndiyo kampeni yake! Hatua! Nimecheka hadi nikakohoa. Veronika hakucheka. Alikuwa anasugua masufuria, na maji ya kusugulia ameyaleta yeye.

Alhamisi, 25 Novemba

Mnada. Mji umejaa ng'ombe. Saa nne kundi kubwa limeshuka kutoka Endulen, siku mbili njiani, lina kiu, linanusa birika. Limekuja moja kwa moja hadi kwenye baraza langu na kusimama. Ng'ombe hawajui kuzunguka. Fahali mmoja mweupe ameingiza kichwa dukani, akatoka na mkufu wa shanga kwenye pembe. Twiga sita chini! Nimepiga kelele, nimepunga fimbo, nimewafukuza wote.

Mwenye kundi kumbe ni mjomba wake Lemayian. Mzee mrefu. Amenirudishia mkufu wangu.

Sasa sikilizeni jinsi bahati inavyonipenda. Ng'ombe wamegeuka wakapita uani kwa Bertha! Yeye mwenyewe amewafungulia geti, wamekanyaga bustani, wamekula nusu ya maharage yake, wakafika kwenye maji. Nimeona kwa macho yangu. Kwa hiyo sasa Bertha ana hasira na Wamaasai, nao wana aibu kwake, na kura zao zinarudi kwangu zenyewe. Sikuhitaji hata kupanga. Kiongozi wa kuzaliwa hufanyiwa kazi na ng'ombe wa watu.

Mchana vijana wote wa ulinzi walikaa kwenye majani nyuma ya mnada, wakaongea kwa muda wa karibu saa mbili. Niliwapungia mkono. Lemayian alinipungia pia.

Jumapili, 28 Novemba

Kura. Suti ya kijivu, tai, ua dogo mfukoni.

Karatasi nyeupe, kalamu, unaandika jina la unayemtaka, unakunja, unatumbukiza. Mimi nimeandika langu kwa herufi kubwa, na mstari chini. Mstari wa watu ulifika mpaka kwenye mikaratusi. Sijawahi kuona kitongoji hiki kinajitokeza hivi! Wazee, kwaya nzima, shuka nyekundu thelathini na nne. Na nusu ya watu hawa niliwaleta mimi! Hilo hakuna wa kuninyang'anya. Nimejivuna mpaka macho yakapata maji.

Saa kumi na moja Mwalimu Sebastian amefungua sanduku mbele yetu na kuanza kusoma. Bertha. Bertha. Bertha. Nikadhani zake zimekaa juu. Bertha. Bertha. Hata sauti ya Mwalimu ilichoka. Kisha: Eliamani! Nikasimama. Ilikuwa ile yenye mstari.

Bertha mia mbili na kumi na moja. Eliamani tatu.

Watu wamembeba Bertha juu juu hadi bombani, wakampitisha katikati ya nguzo zangu. Nilibaki na Mwalimu na sanduku. Nilijisikia vibaya, naandika hivyo hivyo. Lemayian akaja, akanipa mkono, akasema wenzake wanasema mimi ni mtu mzuri, ila maji ni maji.

Nimeomba kuziona zile tatu. Ya kwanza yangu. Ya pili mwandiko wa Veronika. Nilipofika nyumbani nimemuuliza, akasema ndiyo, ameandika jina langu huku anafikiria ndoo, kwa sababu alijua hakuna mwingine atakayeliandika, na hataki mume wake atiwe aibu na kura moja. Nimekwenda kumchotea maji. Hatua mia tatu na kumi na saba, ni kweli, nimehesabu.

Lakini ya tatu! Mwandiko mzuri, wa mtu aliyesoma, herufi zimelala upande mmoja. Ni nani huyu?

Jumatano, 1 Desemba

Mwenyekiti amekuja kibandani. Bertha, na muhuri kwenye kimfuko cha plastiki. Amenipa barua: baraza, nguzo na bango vitoke kufikia Jumamosi. Nikaangalia barua. Herufi zimelala upande mmoja!

Nimemuuliza waziwazi. Amecheka, akafunika mdomo na kitenge. Amesema kwao alifundishwa kwamba mama hajipakulii kwanza. Aliposhika kalamu aliona aibu kuandika jina lake mwenyewe, na jina jingine lililokuwepo ni moja tu. Akasema, "Nikaandika lako, Baba Naomi. Nilijua halitaleta madhara."

Alipoondoka nimekaa chini, nimepiga hesabu. Uchaguzi huu ulikuwa na wagombea wawili. Mimi nimempigia kura Eliamani. Bertha naye amempigia kura Eliamani. Maana yake wagombea wote, asilimia mia moja, tumemchagua Eliamani! Mwenyekiti mwenyewe wa Bombani, akiwa peke yake na kalamu, haoni mwingine! Ni wananchi wa kawaida tu ambao hawajafika ngazi hiyo. Kitongoji kilikuwa kidogo kwangu tangu mwanzo. Mwakani kuna udiwani.

Diwani anatakiwa aonekane na kata nzima. Kwa hiyo mchana nimezunguka na futi kutafuta mahali papya pa kibanda, na nimepapata! Mbele ya geti la zahanati. Pana, tambarare, kila mgonjwa wa kata lazima apite hapo, na miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyefikiria kujenga. Watu wa mji huu hawana macho ya biashara. Nguzo ya kwanza nimeshaichimbia.