Boksi Zito la Bibi Hatsue

Kurokawa Shigemitsu hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Alichojua ni kwamba akina mama wa Amagasaki hawalali kwa ajili ya Kiingereza cha watoto wao. Akakodi chumba juu ya duka la tambi, akabandika bendera ya Uingereza dirishani, akatangaza Shule ya Kimataifa ya Kensbury, kufunguliwa Aprili. Nafasi tisa tu, jamani! Kishika nafasi yeni laki tatu, taslimu.

Shule kama hiyo bila Mzungu nani ataiamini? Basi akapatikana Profesa Edward wa London. Jina lake halisi ni Vytas, Mlithuania, mpishi aliyeachwa na meli bandarini Kobe. Alikuwa na nywele za dhahabu na maneno arobaini ya Kiingereza, mengi ya jikoni.

"Wakiniuliza swali je?" alinong'ona siku ya darasa la majaribio.

"Akuulize nani? Hapa mtu yuko radhi afe kuliko kunyoosha mkono. Wewe tabasamu, useme 'vizuri sana'."

Na kweli. Saa nzima akina mama waliitikia kwa vichwa, wakaandika kwenye madaftari, wakatoka wamenawiri. Mlangoni wakakabidhi bahasha zao. Mmoja wao, Chinatsu, alitoa akiba yote ya mwanawe Riku, wa miaka mitano.

Ila mama mkwe wake, bibi Hatsue, alikuwa amekaa nyuma siku ile. Bibi huyu alihudumu miaka thelathini kwenye hoteli ya wageni wa ng'ambo, na wakati wa kutoka alimwuliza Profesa kwa Kiingereza safi, tena kwa upole: "Mama yako alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Vizuri sana!" Profesa akajibu, meno yote nje.

Bibi akamwinamia, akaenda zake. Angepiga kelele, Kurokawa angedandia treni na akiba ya Riku ingekwenda naye.

Jumatatu saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, Kurokawa akifunga begi lake kuwahi treni ya saa kumi na moja, bibi akabisha hodi. Amebeba boksi lililofungwa kitambaa cha zambarau. Alipolitua, meza ililia. Moyo wa Kurokawa nao ukaruka, maana katika michezo yote ya kuigiza ya zamani mwenye shida humpelekea mkubwa boksi la vitamutamu, na dhahabu chini yake.

"Kitu kidogo tu, Mwalimu Mkuu. Ila tafadhali, usiishie safu ya juu."

"Aa, bibi! Ya nini kujisumbua?"

"Mtaani kwetu kuna wajukuu wengine ishirini. Wazee tumekubaliana tuwalipie wote pamoja, kesho, kwa benki. Sasa hizi bahasha tisa za rejareja zinatutia aibu. Nirudishie, nikuletee malipo ya watoto ishirini na tisa kwa mkupuo."

Kurokawa akaliinua boksi kidogo. Lo! Uzito gani huu! Alitamani achungulie, lakini zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeileta, na hata tapeli amelelewa na mama. Akatoa bahasha tisa kwa mikono miwili, akainama mpaka kiunoni. Bibi akainama zaidi.

Mlango ulipofungwa, Vytas akatoka chumba cha nyuma, wakararua kitambaa. Safu ya juu ilikuwa yokan, yale maharage matamu yaliyogandishwa, mazito kama tofali. Ya pili, yokan. Ya tatu, yokan. Kurokawa akaanza kushuku, kwa kuwa yokan ndiyo hupelekwa mtu anapoombwa radhi. Chini kabisa kulikuwa na kadi ya Kiingereza.

"Soma, Profesa!"

Vytas akaikodolea macho. "Hili ni 'samahani'. Hili... 'polisi'."

"Na hili?"

"'Saa kumi'."

Wakaitazama saa ya ukutani. Ilibaki dakika moja.

Chini, kwenye duka la tambi, Chinatsu alikuwa ameikumbatia bahasha ya Riku, analia na kucheka. "Kula, mwanangu, zitapoa," bibi alimwambia. Juu ya vichwa vyao viatu vilipanda ngazi, mlango ukagongwa.

"Polisi hapa! Wenyewe mpo?"

"Vizuri sana!" akaitikia Profesa, kwa mazoea.