Jinsi Shangazi Delia Alivyompunguzia Marehemu Bibi Yake Umri

Packie Tarpey, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito hapa Cloonavarra, Ireland, alidai kwamba baba yake Shangazi Delia hakuzaliwa bali aliokotwa. Alidai marehemu Honor, bibi yake Shangazi na mama wa ukoo wetu, alirudi kutoka gulioni na kapu la viazi, akalifunua, na chini ya viazi akalia mtoto Michael. Enyi mlioketi karibu na moto, wekeni vikombe chini mpate kusikia jinsi uongo huu ulivyotangaziwa vita, na ni nani aliyeuteka ungali hai!

Maana lilikuwa jambo la kufa na kuzikwa. Katika kaburi la Honor, ambamo ukoo huzikwa mmoja juu ya mwingine, ilibaki nafasi moja tu, na wawili waliitaka: Packie, kitukuu wa Honor kwa binti yake mkubwa, na Shangazi Delia, binti wa huyo Michael, asiye na haja nyingine duniani ila kulazwa pamoja na baba yake.

"Baba yako alizikwa mle kwa huruma tu," Packie alimwambia langoni mwa kanisa, watu wakisikia. "Tazama sensa ya mwaka 1911. Honor ana sabini na miwili, mtoto ana kumi na saba. Piga hesabu, Delia. Amzae akiwa na hamsini na tano? Hata ng'ombe wangu wangecheka."

Shangazi, Ngome ya Cloonavarra, Mtikisa Mwavuli, aliondoka, mwavuli ukigonga mawe. Kesho yake alivaa koti la mazishi, akajipaka rangi ya mdomo kama shujaa ajipakaye dawa ya vita, akanitwaa mimi, mtoto wa kaka yake, niwe mbeba mkoba, tukaishukia maktaba ya mjini. Akaketi mbele ya kompyuta kama jemadari mbele ya mji wenye kuta. Kipanya kikamkimbia, akakikamata. Wakatokea kiooni kina Honor wa kila parokia, wafu kwa maelfu, naye akawarudisha makwao mmoja mmoja, akiwatukana kwa majina. Mkutubi akamsihi apunguze sauti.

"Mwanangu," Shangazi akasema, "anayenyamaza ndiye anayezikwa pasipo pake. Niache."

Hata alasiri akaifikia sensa ya mwaka 1901. Akanishika mkono. "Soma wewe. Macho yangu yasije yakanipendelea."

Nikasoma: Honor, mjane, miaka arobaini na tisa. Michael, mwanawe, miaka saba.

"Shangazi! Miaka kumi tu baadaye ana sabini na miwili? Aliumwa nini?"

"Pensheni!" akapiga ukelele, mkutubi akaangusha kalamu. "Katikati ya miaka hiyo serikali ilianza kuwalipa waliotimiza sabini, na cheti cha kuzaliwa nani alikuwa nacho? Ireland nzima ilizeeka ghafla! Bibi aliingia ofisini mama wa hamsini na kitu, akatoka ajuza. Ee mwizi wangu mtakatifu! Baba alizaliwa mama yake ana arobaini na miwili, basi, kama watoto wa watu."

Jumapili, misa ilipokwisha, akasimama langoni, mwavuli juu, nakala ya sensa mkononi.

"Enyi watu wa Cloonavarra, mlio na njaa ya chai! Bibi yangu alikuwa mwongo, lakini tumbo lake halikudanganya! Na anayecheka, kwanza akamtazame bibi yake katika sensa!"

Wengi wakaacha kucheka. Padri akakohoa. Ndipo shangwe zikapaa, kunguru wakahama mnarani, na tangu siku hiyo kwetu mambo huhesabiwa kabla na baada ya Jumapili ya Delia.

Packie akavua kofia, akaisoma karatasi, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Haya," akasema. "Nafasi ni yako."

Shangazi akateremsha mwavuli. Kwetu kaburi huchimbwa na majirani, wala hakuna aliye na mkono kama wa Packie. Akamsogelea, sauti ikashuka.

"Basi siku yangu ikifika, Packie, utanichimbia wewe? Hawa wengine wanachimba kina kifupi."

Packie akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaingia makaburini kuipima ile nafasi kwa hatua zake.