Mbuzi Mcheza Mabega na Somo la Mvuke

Jumatatu, 6 Tikimti

Bahati imebisha hodi! Bosi wetu Getahun anataka mimi na Hirut kila mmoja atengeneze somo la mvuke kwa watoto wa darasa la nne, la kutazama mtandaoni. Alhamisi watatazama na kuulizwa maswali. Atakayeeleweka atatengeneza masomo ya sayansi ya mwaka mzima. Mwenzake atabaki kubandika majina ya wafadhili mwishoni mwa video, kazi niifanyayo sasa. Sirudi huko! Hirut alikuwa mwalimu tu. Hajui hata kurusha herufi kwenye skrini. Maskini.

Jumanne, 7 Tikimti

Nimeweka mbuzi anayecheza eskista, mabega yanatetemeka hasa. Nyuma yake ngoma, nyota, upinde wa mvua. Chini yanakimbia maandishi, na mimi nayasoma kwa sauti. Addis nzima itazizima!

Nimechungulia kazi ya Hirut. Jebena, lile birika la kahawa, jikoni, sahani baridi, mshale, sauti yake. Basi. Nikamuuliza, dada, umeishiwa rangi? Akanijibu mtoto ana macho mawili tu, na yote nimempa mbuzi. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumatano, 8 Tikimti

Nimeenda shuleni na keki za siagi, ili kesho watoto wanikumbuke kwa wema. Hakuna aliyegusa! Wakanitazama kama mpagani. Mmoja akaniambia kwa heshima, gashe Zerihun, kwani leo si Jumatano? Mfungo! Waorthodoksi hatugusi siagi Jumatano. Na siku nimeiandika mwenyewe hapo juu. Mlinzi Mwislamu amezila zote, akaniombea dua ndefu.

Alhamisi, 9 Tikimti

Aibu! Watoto waliotazama somo langu waliulizwa maji yakichemka yanakwenda wapi. Darasa zima likatikisa mabega. Getahun akarudia swali. Wakatikisa zaidi, binti yangu Saron akiwa mstari wa mbele.

Waliotazama la Hirut walidakiana maneno: maji yanapata joto, yanapanda, yanagusa sahani baridi, yanarudi kuwa matone.

Njiani Saron akaniambia, baba, somo lako tamu, ila mimi nilikuwa nangoja mbuzi aanguke. Imeniuma sana.

Ijumaa, 10 Tikimti

Hirut kashinda, wala hakunicheka. Amemwomba Getahun tufanye kazi pamoja, yeye aeleze na mimi nichore. Kisha akafuta mbuzi, ngoma, nyota na maandishi. Nikabaki na kuchora mshale mmoja, unaopanda polepole pale anapotamka kwamba mvuke unapanda. Nilihisi nimevuliwa nguo.

Jioni nikamwonyesha Saron. Hakucheka hata kidogo. Aliinuka, akaenda kushika sahani juu ya jebena ya mama yake, akarudi mbio na matone kidoleni.

"Baba, ona! Ni yale yale!"

Machozi yakanilenga. Mshale ule ni wangu mimi.

Jumamosi, 11 Tikimti

Nimetafakari tangu asubuhi na kosa langu nimelijua. Hirut alisema kweli kabisa: mtoto ana macho mawili. Mimi nikampa mbuzi mmoja! Bila shaka yote yalimwelekea huyo huyo. Mbuzi wakiwa wawili, watagawana, kila mmoja jicho lake.

Nimempigia Hirut kumpa habari njema. Simu ikakatika. Mtandao huu! Haidhuru, nimeshaanza kuchora. Huyu wa pili atapiga ngoma.