Ombi la Kufuzu Urubani Kabla ya Tarehe Ishirini na Nane

Gisiri Marwa,
Stendi ya Boda, Soko la Mifugo,
Ogwedhi.

Kwa Mkuu wa Mafunzo,
Kampuni ya Ndege za Wagonjwa,
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: KUCHELEWESHWA KWANGU KUWA RUBANI

Nakuamkua kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta ukiwa chini, si hewani, ili uisome kwa utulivu.

Mimi nimeendesha boda boda kwa miaka kumi na mmoja, na mke wangu Milka ana mimba ya mapacha. Daktari wa hospitali ya Migori amesema watoto wamekaa vibaya, na siku ikifika Milka asicheleweshwe hata kidogo. Siku yenyewe ni tarehe ishirini na nane. Kwa hivyo nilipiga simu ofisini kwenu kuomba kazi ya urubani, nimpeleke mwenyewe. Bi. Pamela akanisomea ngazi za kupanda: alama za shule, cheti cha daktari, leseni ya kwanza, leseni ya pili, saa mia mbili angani, kisha miaka ya kutua kwenye viwanja vya vumbi ndipo nikabidhiwe mgonjwa. Nimepiga hesabu. Mapacha watakuwa gredi ya pili.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnataka C ya fizikia. Mimi nina D, na hata hiyo ilimshangaza mwalimu wangu Mayaka. Lakini mtihani ule haukuuliza popote namna ya kumpandisha mlima wa matope mama mwenye uchungu, pamoja na mama mkwe wake na chupa ya uji, kwenye pikipiki moja. Mimi swali hilo nalijibu kila miezi miwili.

2. Mnadai sijawahi kuruka. Njia yetu ya mkato kwenda Migori ina matuta na mashimo mia moja na arobaini, na katika kila moja magurudumu yote mawili huacha ardhi kwa nusu sekunde. Kwa safari mbili kwa siku, siku mia tatu kwa mwaka, miaka kumi na mmoja, hizo ni saa mia moja ishirini na nane angani. Shahidi wangu ni Mama Adhiambo, aliyenipigia kelele mgongoni, "Gisiri, wewe unanipeleka hosi ama mbinguni?" Abiria wa ardhini haulizi hivyo. Saa zilizobaki naomba nisamehewe.

3. Mnauliza uzoefu wa wagonjwa. Nimebeba wanawake wenye uchungu sitini na watatu. Majirani zetu Wajaluo mtoto akizaliwa njiani humwita Oyoo, au Ayoo akiwa msichana. Kwa juhudi zangu peke yangu, eneo letu la Uriri sasa lina kina Oyoo watano na kina Ayoo wawili. Ni rubani gani wenu mwenye ushahidi unaotembea kwa miguu yake hivi?

4. Ndege yenu ilipokuja hapa ilibeba mgonjwa mmoja tu, amelala kama waziri. Mimi ningewapanga watatu mstari mmoja kama mishkaki, na muuguzi mbele.

5. Siku hiyo hiyo ilikuwa siku ya soko. Rubani wenu alizunguka juu mara tatu kwa sababu ng'ombe walikuwa uwanjani. Niliwaondoa kwa mluzi mmoja. Alishuka, akaniita kijana, akaomba soda baridi. Nina miaka arobaini na mmoja, Mheshimiwa. Mtu anayeshindwa na ng'ombe wa Ogwedhi ana leseni, na mimi sina. Hilo limeniuma, sitaficha.

Basi naomba nianze mafunzo Jumatatu na nifuzu Ijumaa. Kofia ya kujikinga ninayo. Ndege ya injini moja itanitosha, sina makuu.

Nisalimie Bi. Pamela, mafundi wote, na yule rubani wa soda. Milka anawasalimu pia, ingawa hajui nawaandikia.

Ni mimi, rubani wenu ambaye mmekawia tu kumtambua,

Gisiri Marwa

Nyongeza: Milka ameanza uchungu leo, wiki tatu kabla ya siku yake. Nimetoka mbio kuwasha pikipiki, na kwa dakika nzima nimeshindwa kutia ufunguo. Wake za watu nimewabeba bila kusita. Huyu ni Milka, siwezi. Barua hii nilitaka kuituma kwa posta, lakini naipiga picha sasa hivi na kuituma kwa ile namba ya dharura iliyo ubavuni mwa ndege yenu. Njooni, tafadhali. Rubani awe na C, awe na leseni zote mbili, awe na saa mia mbili na nyingine juu yake. Mwenye elfu akiwepo, mleteni huyo. Mimi naomba kiti cha nyuma tu, nimshike mke wangu mkono.