Siku Niliyosugua Spea Zangu Mbele ya Watu

Jamani, leo nimejiumbua. Hakuna mtu aliyeniumbua. Ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na kipande cha pamba.

Mnajua nilitoka Siakago nikaja huku Timau kufungua duka la kutengeneza redio na vifaa vya umeme. Huu ni mwezi wangu wa saba huku. Baridi ya huku haina adabu, na mgeni hakuna anayemzoea haraka. Kuna siku maneno yote niliyosema kutwa ni "Iko tayari" na "Rudi kesho." (Zaidi ni "Rudi kesho.")

Sasa juzi akaja Mama Kendi, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji wa kuku. Nilikuwa nimemtengenezea mashine yake ya kuangulia mayai.

"Fundi, Jumamosi uje kanisani utufundishe kujua spea feki," akasema. "Tumedanganywa vya kutosha."

Mimi! Kualikwa! Rinda nililipiga pasi mara mbili. Nikavaa hata hereni. Leo nikafika kabla ya mwenye ufunguo wa kanisa.

Watu wakajaa. Nikawaonyesha regyuleta, kile kidude cheusi cha miguu mitatu kinachozuia umeme usizidi ndani ya mashine. Nikawaeleza vile matapeli huchukua zilizo dhaifu, wakazipaka rangi, wakaandika juu jina la kampuni nzuri. Nikachovya pamba kwa dawa ya kutoa rangi ya kucha, nikasugua moja niliyojua ni feki. Maandishi yote yakatoka! Pamba ikawa nyeusi ti!

Makofi. Kichwa kikanivimba.

"Sasa muone ya ukweli," nikasema. "Hizi zangu nilinunua Meru mjini kwa mtu ninayemwamini. Hapa unaweza kusugua mpaka jioni."

Nikasugua. Maandishi yakatoka.

Nikacheka kidogo. Nikachukua ya pili. Ikatoka haraka kuliko ile feki! Ya tatu, chini ya rangi kulikuwa na jina lingine kabisa. Mzee M'Ikiara, aliyekuwa ameketi mbele, akauliza kwa upole, "Mwalimu, hii nayo bado ni somo?"

Wueh.

Kabla sijajibu, Mama Kendi akasimama.

"Fundi. Kwa mashine yangu uliweka gani?"

"Ni... hizi hizi."

"Na mayai yangu yako siku ya ishirini! Kesho ndiyo vifaranga wanatoka!"

Tukatoka mbio. Kikundi kizima nyuma yangu, kama msafara wa harusi, bibi harusi akiwa na hereni moja. (Ile nyingine sijui iko wapi.)

Kufungua mashine, regyuleta ilikuwa moto hata kuigusa siwezi. Joto ndani lilikuwa linapanda. Nikazima. Sasa nitoe nzuri wapi? Nikakimbia dukani, nikafungua redio yangu ya mezani aliyoniachia marehemu baba, nikang'oa regyuleta yake. Nikarudi nikaichomelea hapo hapo, watu wote wakinitazama.

Nikawasha tena, joto likatulia. Mama Kendi akachukua yai moja, akaliweka sikioni, akafumba macho.

"Anagonga," akasema.

Akanipa na mimi nisikilize. Ko. Ko. Ko. Nikalia mbele ya watu wote. (Nikasema ni moshi wa risasi ya kuchomelea.)

Walirudi makwao wawili wawili wakicheka. Sikusikia mtu akisema, "Fundi, twende chai." Nikafunga duka saa tisa, na siwalaumu.

Zile spea zilizobaki nimezivunja kwa nyundo. Jumatatu naanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, kutoka Timau hadi Kiirua, nikibadilisha kila moja niliyoweka. Nimeandika orodha ya wateja wote. Angalau hatimaye nitaingia nyumba za watu.

Kwa sasa redio imekufa na humu ndani kumenyamaza sana. Kwa hivyo nawaomba, msinicheke kwa maandishi. Nipigieni simu, mnicheke kwa sauti.